Ufunguo Nambari Tisa na Siku Tatu za Mjukuu Wangu

Kwa Mkuu wa Maabara ya Kukimbiza Chembe,
Jengo refu lisilo na madirisha,
Mlango wa pili baada ya ngazi.

Ndugu Mkuu,

Huna haya. Nimelitanguliza hilo kwa sababu wino wa kalamu hii ni mchache na sikutaka uishie kwenye salamu. Mtu mzima, mwenye mvi zako na koti jeupe lililopigwa pasi, unakaa mezani, unamwandikia mtoto wa watu barua ya kumwita mzembe, halafu chini unaweka sahihi yenye mkia mrefu kama wa ng'ombe. Mkia ule ungefukuzia nzi.

Baada ya hayo, hujambo? Mimi sijambo.

Mimi ni bibi wa yule binti mwembamba, mwenye sauti ya chini, anayetembea na daftari la kijani hata akienda kunywa maji. Ndiye uliyemwandikia. Nimemlea mimi tangu ana miaka mitano, maana mama yake kazi yake ni ya safari. Kwa utani namwita mke mwenzangu, kwa kuwa marehemu babu yake alimpenda yeye kuliko alivyonipenda mimi, na matokeo hayo nilishayakubali zamani.

Nimesoma mpaka darasa la nne. La nne lenyewe nililisoma mara mbili, kwa hiyo ukihesabu kwa haki ni madarasa matano. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Jirani yangu, fundi cherehani, alijitolea aniandikie yeye, akisema mwandiko wangu ni kama kuku aliyekanyaga majivu. Nikamwambia atulie, anayeandikiwa ni bingwa wa vitu visivyoonekana, hawezi kushindwa na vinavyoonekana vibaya.

Kikao chenu kinakaa Jumanne, na najua wengine humo wamesikia upande mmoja tu. Kwa hiyo kwanza nieleze kisa, kisha nikulalamikie kwa mpangilio.

Alhamisi ile mliwaalika ndugu wa watafiti waje kuona mashine kabla haijawashwa. Mjukuu wangu alikuwa amengoja miaka miwili na miezi mitatu apewe siku tano za mwale. Mwale, kwa wasiojua, na mimi nilikuwa kinara wao, ni mkondo wa chembe ndogo zinazokimbizwa kwa umeme ndani ya bomba lililonyonywa hewa yote. Zinapindishwa kona na sumaku kubwa kama makabati, mwisho zinagonga kijikaratasi cha madini ambacho kwenu kinaitwa shabaha. Zikigonga, mara moja katika mabilioni, kinazaliwa kiini cha atomu ambacho hakuna aliyewahi kukipima. Kinaishi muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kinakufa. Mjukuu wangu anakaa na vyombo vyake, anadaka kifo hicho na kukiandika. Akidaka arobaini, anahitimu. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wewe usicheke, ndiyo kazi yako.

Sasa, kila anayeingia kwenye ukumbi wa mashine hupewa ufunguo kutoka kwenye ubao wenye ndoano kumi na mbili. Mpaka funguo zote kumi na mbili zirudi kwenye ndoano zake, mashine haiwaki, hata aje nani. Wangu ulikuwa nambari tisa. Saa nane mchana nilipanda basi kurudi kwangu, mwendo wa saa tano, nikiwa nao mfukoni. Saa kumi mkataka kuwasha. Mashine ikagoma. Ufunguo ulirudi kwenu Jumapili jioni, siku tatu zimekwenda na maji. Katika mbili zilizobaki mjukuu wangu alidaka viini kumi na moja. Anasema kumi na moja ni uvumi, arobaini ndiyo habari. Na mwisho wa mwezi ujao mnaifunga mashine mwaka mzima kwa ukarabati, na muda wake wa masomo unaisha kabla hamjaifungua. Kikao kisipomrudishia siku tatu, miaka yake minne imekuwa hadithi.

Wewe ukaandika: "uzembe katika kumsimamia mgeni." Mgeni ni mimi. Haya, msikilize mgeni.

Lalamiko la kwanza. Yule msimamizi wenu wa usalama, bwana mnene mwenye tochi kiunoni, ambaye wenzake wanamwita Bwana Breki kwa sababu kazi yake ni kusimamisha kila kitu, aliniwekea ufunguo kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja, akasema kwa sauti ya mahubiri: "Bibi, huu ndio uhai wako. Ukiwa nao wewe, hakuna mwanadamu anayeweza kuiwasha mashine ikakudhuru. Usimpe mtu. Hata mimi nikikuomba, usinipe." Haya. Tukazunguka, tukatoka, mtu yuleyule ananyoosha mkono: "Bibi, lete." Nikamtazama toka kichwani mpaka kwenye viatu. Nikamwambia, "Mwanangu, unanijaribu?" Akacheka, akadhani natania, simu yake ikalia, akaenda nayo. Wageni wenzangu wote wakatundika funguo zao kama kondoo. Katika kundi zima aliyeitii sheria ya maabara ni mmoja, tena ana madarasa matano. Na ndiye mnayemlaumu.

La pili. Mlangoni kwenu pana bango: vitu vya chuma viachwe nje. Miwani yangu ina fremu ya chuma. Mjukuu wangu akaninong'oneza, "Bibi, leo sumaku zimezimwa, vaa tu." Nikamwambia, mke mwenzangu, bango limeandikwa na wakubwa zako, wewe ni nani? Nikaivua, nikampa aibebe. Kuanzia hapo dunia ikawa ukungu. Tukiwa bado kwenye ujia nilisimama mbele ya chombo kikubwa cha bluu kinachonguruma kwa adabu, nikakiinamia kidogo, nikasema kwa niaba ya familia yetu kwamba sasa nimeelewa kwa nini mtoto haji nyumbani, kazi kama hii haiachiki. Mjukuu wangu akanishika kiwiko, akasema, "Bibi, hilo ni friji la soda." Mashine yenyewe nilipopitishwa mbele yake nilinyamaza kimya, nikidhani ni bomba la maji taka.

La tatu, linatokana na la pili. Naambiwa kwenye mlango wa kutokea pameandikwa kwa herufi nyekundu, kila moja urefu wa dhiraa: RUDISHA UFUNGUO HAPA. Anayeninyang'anya macho asinilaumu kwa kutosoma. Tena Bwana Breki alipoondoka na simu yake, pale penye maandishi hakubaki mtu. Nyumba ya wasomi mia mbili, na mlango wake mnaukabidhi kwa msumari wa kutundikia funguo!

La nne. Mlinibandika kifuani kidude cha kupima kama nimepatwa na mionzi. Nilipotoka mkanipitishia chombo kingine kwenye viganja na nyayo, kama mtu aliyetoka dukani na sukari ambayo haikupimwa. Nikauliza nimepata ngapi. Nikaambiwa sifuri. Nikanuna njia nzima. Sifuri nilizipata shuleni bila kupanda basi. Baadaye mjukuu wangu akaniambia kwenye mionzi sifuri ndiyo alama bora kuliko zote. Ndugu Mkuu, miaka sitini nimeishi na aibu ya alama hiyo, kumbe nilikosea jengo tu.

La tano. Nimelifuta. Lilihusu chai yenu. Chai ilikuwa nzuri. Nilitaka tu orodha iwe ndefu.

La sita. Saa kumi mashine ilipogoma, mjukuu wangu alisema wazi: "Bibi yangu yuko kwenye basi. Nimempungia mkono mimi mwenyewe." Bwana Breki akajibu kwamba ubao unasema yuko ndani. Mtoto ana shahada mbili. Ubao una ndoano kumi na mbili. Ikaaminiwa ndoano. Mkaingia watu sita na matochi, mkainama chini ya kila sumaku, mkanyanyua kila kifuniko, mkiita, "Nambari tisa! Nambari tisa!" Nimezaa watoto saba, nimezika mume, nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama kwa vipindi vitatu, na siku ninayodhaniwa nimekufa naitwa kwa nambari. Hata "Bibi" tu iliwashinda.

La saba. Nyumba yoyote yenye akili ina ufunguo wa akiba. Kwangu uko chini ya chungu cha maua, na wezi wote wa mtaa wanajua, na hawachukui kwa sababu wananiogopa. Nyinyi hamna. Nilimuuliza Bwana Breki kwa simu, kwa ukali, kwa nini. Akanieleza bila kupandisha sauti kwamba ufunguo wa akiba ukiwepo, siku moja mtu mwenye haraka atautundika, atasema "Aah, hakuna mtu humo," atawasha, na humo atakuwemo mtu. Mionzi ya mashine ikiwaka haina sauti, haina harufu. Huyo mtu hata hatajua akimbilie wapi. Kwa hiyo ufunguo ni mmoja, na ukipotea anasubiriwa fundi wa kubadili kufuli, na fundi yuko mbali, angefika Jumatatu. Nilitafuta jibu la kumjibu. Sikulipata mpaka leo. Hili nalo lingestahili kufutwa, ila nalibakiza ili ujue kwamba nikishindwa huwa nakubali, ingawa si mara nyingi na si mbele ya watu.

La nane. Sasa tuje nyumbani kwangu. Alhamisi hiyohiyo, sijavua viatu, mjukuu wangu akapiga simu: "Bibi, unao ufunguo?" Ninao. "Mpe dereva wa basi la kurudi, nitampokea stendi." Nikamwambia dereva ni mtu. Niliambiwa nisimpe mtu. Akasema, "Basi nakuja mwenyewe." Ijumaa saa sita mchana akawa mlangoni. Na hapo, Ndugu Mkuu, ndipo mambo yalipoharibika: ufunguo haukuonekana. Tukapekua. Tukakung'uta magodoro, tukamwaga kopo la vifungo la jirani yangu fundi, tukahamisha kabati ambalo halijahamishwa tangu mazishi ya babu yake. Jirani alikuwa akisaidia huku mdomo wake ukifanya kazi nyingine: "Hivi mwanenu huko anafanya nini hasa?" Nikamweleza: anarusha vitu visivyoonekana vikagonge vitu visivyoonekana, halafu anahesabu vilivyotoka, navyo havionekani. Akatafakari, sindano mdomoni. "Kwa hiyo hana kazi." Nikamjibu kwamba hata uchungu wa jino hauonekani, mbona anaupigia kelele mtaa mzima. Ijumaa ikapita hivyo, Jumamosi ikapita. Ufunguo ulionekana Jumapili asubuhi ndani ya kopo la sukari, jirani alipokwenda kuchota kijiko kimoja cha chai yake. Nani aliuweka humo? Mzee. Mzee hujiwekea vitu, akajisahaulisha, huo ndio uzee, na uzee si kosa la mjukuu. Mlimwalika mzee. Mzee akaja na uzee wake.

La tisa, na hapa nakuomba uketi kama umesimama. Neno "uzembe".

Mtoto huyu akiwa na miaka sita nilimpa ungo wa mchele achambue mawe. Nikarudi baada ya saa nzima nikakuta mchele umechambuliwa konzi moja tu. Lakini mawe yalikuwa yamepangwa mstari, madogo mpaka makubwa, na pembeni ameandika sakafuni kwa mkaa idadi yake, na chini ya idadi amepiga mstari. Nilimzaba kofi kwa kutuchelewesha na njaa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza dhidi ya sayansi. Leo kazi yake ni ileile, ungo tu ndio umekuwa mrefu mita mia mbili.

Shabaha ile ya kupigwa na mwale aliitengeneza miezi mitano. Ni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Aliharibu kumi na tisa kabla ya kupata mbili za kumridhisha, na hizo kumi na tisa kila moja ameiandika kwenye daftari la kijani: siku gani, ilichanika wapi, kwa nini. Nani kati yenu ana daftari la makosa yake kumi na tisa? Mimi yangu siyaandiki, karatasi haitoshi. Siku ile aliponionyesha aliniomba nisipumue. Nilizuia pumzi mpaka nikaona vimulimuli, nikaletewa kiti. Hata pale, wakati wote walikuwa wananipepea mimi, yeye alikuwa amesimama kati yangu na ile shabaha, ameinyooshea kiganja kama mtu anayekinga mshumaa.

Huyo ndiye uliyemwandikia uzembe. Aliisoma barua yako, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya daftari, akaniambia kwa simu, "Bibi, wana haki. Mgeni alikuwa wangu." Hakusema "Bibi, umeniponza." Ningependa aseme. Ningejibizana naye, ningeshinda, tungelala vizuri wote wawili.

La kumi, ambalo si lalamiko bali ni ombi, nalo linafuata moja kwa moja kutoka kwa hayo tisa, au manane ukitoa la chai. Kwa kuwa mimi ndiye pekee niliyeshika ufunguo wa maabara yako nisimpe dereva, nisimpe Bwana Breki, nisiupate hata mimi mwenyewe kwa siku mbili. Na kwa kuwa mashine yenu yote, na umeme wake wote, na wasomi wake mia mbili, ilisimama mpaka niliporidhika. Naomba niajiriwe kuwa Mtunza Funguo Mkuu. Nitakaa kwenye kiti pale penye msumari. Atakayetoka bila kurudisha ufunguo nitamrudisha kwa sikio. Atakayesema ana haraka nitamuuliza haraka ya wapi, kiini chenyewe kimeshakufa. Sihitaji ofisi. Nahitaji mto wa kukalia na ruhusa ya kuvaa miwani. Na kama kikao kitaona kazi hiyo ni kubwa kwa mtu wa madarasa matano, basi kinipe angalau cheti cha utii wa sheria za usalama, nikitundike sebuleni, jirani yangu akome.

Kwa kumalizia, hoja yangu ni fupi: aliyekosea ni maabara, aliyetii ni bibi, na mjukuu hayumo. Futa lile neno. Rudisha zile siku.

Nisalimie Bwana Breki, mwambie sina kinyongo naye, na apunguze kukunja watu vidole. Nisalimie wale sita waliotambaa chini ya sumaku wakinitafuta. Magoti yao nayaombea. Nisalimie mama wa jikoni aliyenipa chai. Nisalimie na yule bwana wa getini aliyeniita "shikamoo mama" badala ya "bibi", huyo mpandishe cheo. Na mkeo, kama unaye, mpe pole.

Ni mimi niliyesimamisha chembe zako bila kuzigusa,

Bibi wa Ufunguo Nambari Tisa

Nyongeza: Barua imekaa mezani siku mbili nimeshindwa kuifunga. Nimeisoma tena, ni nzuri, inashinda. Tatizo lake ni la nane.

Ufunguo haukupotea. Tangu Alhamisi jioni ulikuwa ndani ya soksi yangu, chini ya unyayo wa kulia. Nilipopiga magoti kuutafuta chini ya kitanda, nilikuwa nimeukanyaga. Nilipolia machozi mbele ya jirani nikisema akili imeniishia, nilikuwa nimeukanyaga. Siku mbili nimechechemea ndani ya nyumba, na mjukuu wangu aliponiona akasema, "Bibi, mguu umevimba, nipe nikukande." Nikamfokea aniache. Jumapili alfajiri niliutoa nikautumbukiza kwenye sukari mimi mwenyewe, kisha nikamkaribisha jirani chai kabla hajaomba, ili aupate yeye.

Sababu nakupa, ingawa haitoshi. Mtoto yule alikuwa na miezi kumi na minne hajaja kwangu. Kila nikimpigia ni "mwale, Bibi", "shabaha, Bibi", "zamu, Bibi". Ndiyo maana nilimkatalia dereva. Lile neno la "usimpe mtu" nililikumbuka baadaye, nikalipenda. Ijumaa alipofika alikaa kitini aniulize ufunguo, akalala katikati ya swali, kiatu kimoja mkononi. Nilikuwa nimeshainama kuvua soksi. Nikasema acha kwanza aamke. Alipoamka alikula, akacheka na jirani, akaniuliza habari za babu yake kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na mimi nikazieleza zote. Nikasema kesho. Kesho nayo ikawa tamu.

Na usije ukaniombea huruma kwamba sikujua thamani ya siku zile. Jumamosi mchana nilimuuliza kama siku tano zikipungua mbili kuna neno. Alikuwa ameshika pindo la kabati tukilihamisha. Akanitazama, akasema, "Bibi, kila saa naihitaji." Nilimsikia vizuri. Masikio yangu hayana uzee. Nikamwambia, haya, inua upande wako.

Kwa hiyo yale mengine yote, friji na miwani na ndoano, yalitokea kweli, lakini si hayo yaliyomnyima zile siku tatu. Ningeutoa ufunguo Ijumaa mchana, angerudi kwa basi la saa saba, na mngewasha. Maabara haina kosa. Bwana Breki hana kosa. Mjukuu wangu ndiye hana kosa kabisa, naye ndiye pekee aliyekubali kulibeba. Mimi sijamwambia. Nimelea watoto saba na wajukuu kumi na wanane kwa kuwaambia ukweli usoni, wangu mwenyewe umenishinda kwenye simu.

Basi sikiliza utakavyofanya. Jumanne usiisome barua, hiyo ni maneno yangu tu. Isome nyongeza hii, kwa sauti, mbele ya kikao chote, na yeye akiwa amekaa palepale anasikia. Usiruke mstari. Usimwambie pole. Kisha chukua kalamu, kata lile neno kwenye faili lake, juu yake andika "bibi yake alimficha ufunguo makusudi", uweke sahihi, mkia na yote. Halafu fungua kalenda ya mashine, mwandikie siku zake tatu kabla hamjaifunga, na karatasi ya tarehe umpe mkononi. Asitoke mlangoni bila hiyo karatasi.